Mwalimu, Arusha sio njia ya kwenda mbugani tu: siku mbili za mpenda historia

Swali limetoka kwa mwalimu mmoja wa Singida, nalifupisha: "Shikamoo mzee. Nafundisha historia sekondari. Mwezi ujao nakuja Arusha kwenye semina, ikiisha nitabaki na siku mbili zangu mwenyewe. Napenda sana sehemu za kihistoria ila kila ninayemuuliza ananitajia mbuga. Hivi mjini kwenyewe kuna nini? Nianzie wapi nisipoteze hela bure, na je baadae naweza kuleta wanafunzi?"

Marahaba mwalimu, karibu sana Chuga.

Nikwambie ukweli, wa kwanza kusema mjini hamna kitu ni sisi wenyewe wakazi. Mtu kazaliwa Ngarenaro, kakulia Ngarenaro, amepita nje ya Makumbusho ya Azimio la Arusha maisha yake yote akiwahi daladala na hajawahi kuingia ndani hata siku moja, sasa huyo ukimuuliza lazima akutajie Ngorongoro. Alafu Arusha haina mji mkongwe wa kupendeza kwenye picha kama Zanzibar au Bagamoyo, hamna milango ya nakshi wala vichochoro, majengo ya zamani yaliyobaki ni ya kuhesabu na mengine yamebanwa na maduka ya simu mpaka huyaoni. Mgeni anapita, haoni kitu, anapanda gari la mbugani.

Lakini wewe ni mwalimu wa historia, kwahiyo hebu angalia. Ndani ya eneo unalolizunguka kwa miguu bila kuita bodaboda kuna ngome waliyojengeshwa Waarusha na Wameru kwa nguvu, kuna ukumbi ambao chama cha TANU walikaa Januari 1967 wakabadilisha mwelekeo wa nchi, na kuna jengo ambalo waziri mkuu wa zamani wa Rwanda alihukumiwa kifungo cha maisha kwa mauaji ya kimbari. Niambie miji mingapi Afrika ina hivyo vitu vitatu vimekaribiana namna hiyo. Kwahiyo ushauri wangu wa kwanza, usiende kuangalia majengo kwa uzuri wake maana utaona kama nimekudanganya, nenda kwa mpangilio wa miaka, jengo la kwanza likuulize swali na la pili likujibu. Na wa pili, usizimalizie siku zote mbili mjini. Siku moja inatosha. Ya pili panda gari uende Old Moshi, kwa sababu nusu ya hadithi ya Arusha ipo kule na nitakwambia kwa nini.

Siku ya kwanza anzia Mnara wa Saa, saa mbili asubuhi hivi kabla jua halijakolea na kabla wale vijana wanaowauzia watalii safari, ramani na bangili hawajajaa. Wakikufuata wewe ongea Kiswahili tu, salimia, sema upo kazini, watakuacha. Mnara wenyewe ni mdogo na hausisimui, ulijengwa 1945 baada ya Vita ya Pili ya Dunia na inaelezwa ni zawadi ya mlowezi wa Kigiriki aitwaye Galanos, maana Wagiriki walikuwa wengi huku kwenye mashamba ya kahawa na mkonge. Hapo kila mtu atakwambia umesimama katikati kabisa kati ya Cape Town na Cairo. Wewe una atlasi, pima mwenyewe: Cape Town ipo kama digrii 34 kusini, Cairo digrii 30 kaskazini, katikati yake inaangukia kama digrii 2 kusini, na Arusha ipo tatu na kitu. Kwa latitudo basi katikati ipo zaidi ya kilomita 150 kaskazini yetu, maeneo ya Kajiado huko Kenya. Ila usiidharau hiyo hadithi kwa sababu imekosea hesabu. Jiulize nani alikuwa na haja ya kuhesabu kutoka Cape mpaka Cairo. Hiyo ilikuwa ndoto ya Waingereza tangu enzi za Cecil Rhodes, na kilichowazuia kwa miaka yote ile ni Afrika Mashariki ya Kijerumani iliyolala katikati ya njia. Machi 1916 majeshi ya upande wa Waingereza, wengi wao Wasauzi, yakaingia Moshi alafu Arusha, njia ikafunguka, ndio baadae barabara kuu ya kaskazini ikapita hapa na mji ukaanza kujisifia kuwa katikati. Hiyo hadithi ya katikati ni ya Mwingereza anayesema saivi pote ni petu. Kwa somo la ukoloni hapo pekee una kipindi kizima.

Sasa panda na Barabara ya Boma kwenda juu, ni mwendo mfupi sana, utakutana na Boma, ile ngome ya Wajerumani, mwishoni kabisa. Kuta nene nyeupe, katikati uwanja wa nyasi. Saivi ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, tangu 1987, na wengi wanaoingia wanaangalia wadudu na picha za wanyama wanatoka. Wewe kabla hujakata tiketi kaa kwanza nje kwenye kivuli nikupe habari ya hiyo nyumba.

Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walifika Meru, wakapiga kambi Akeri, wakauawa usiku. Ukisoma vitabu vya zamani vya misheni utaona wanasimulia kama vile watu waliamka tu wakaua. Lakini kipindi hicho hicho Kapteni Johannes wa Kijerumani alikuwa anazunguka maeneo haya na askari wake, kwahiyo mzungu aliyekuja na Biblia na mzungu aliyekuja na bunduki wamekuja msimu mmoja, kwa njia moja, wewe ungekuwa morani wa Meru ungewatofautishaje? Johannes akarudi na wapiganaji wa Kichaga kutoka upande wa Kilimanjaro, wakachoma migomba, wakaswaga ng'ombe, wakapiga Meru na Arusha mpaka zikanyong'onyea. Kisha ndio ikajengwa hii ngome, kazi inaanza 1899 inaisha mwanzoni mwa miaka ya 1900, na waliobeba mawe na chokaa ni wale wale waliopigwa. Hawakulipwa kama vibarua, walilazimishwa. Mji wa Arusha ukaota hapo mbele ya geti la ngome: maduka ya Wahindi, Waswahili, askari. Kwahiyo usitafute Arusha ya kabla ya Boma hapa mjini. Watu walikuwepo sana ila walikaa mashambani juu huko kwenye mteremko wa Meru, na mji huu ulianza kama kambi ya jeshi.

Ukishalijua hilo ingia. Kila mtu atakuonyesha kitu chake, mimi nakuomba usimame kwenye nyayo za Laetoli. Sio zenyewe, zenyewe zimefukiwa kule kule Ngorongoro ili zisiharibike, hapa ni mfano uliochukuliwa kwa kumwaga umbo. Zina umri wa miaka milioni 3.6, zilifukuliwa na timu ya Mary Leakey mwishoni mwa miaka ya 1970. Majivu ya volkano yalianguka, mvua ikanyesha kidogo, yakawa kama saruji mbichi, wakapita viumbe wa jamii yetu kwa miguu miwili, majivu yakakauka. Inama uangalie vizuri kisigino na kidole gumba, kidole kimenyooka mbele kama chako, hakijatanuka pembeni kama cha sokwe. Alafu angalia mstari mmoja utaona nyayo zimevurugika kidogo, kubwa kuliko inavyotakiwa, ni kwa sababu kuna mmoja alikuwa anakanyaga humo humo alipokanyaga mwenzake aliyetangulia, na pembeni yao kuna wa tatu mdogo. Wanafunzi wako wanakariri kila mwaka kwamba binadamu alianza kutembea wima kabla ubongo haujakua. Ushahidi ndio huo, na unaupima na mguu wako mwenyewe. Kuna habari za Zinjanthropus pia, fuvu la Olduvai la 1959, miaka milioni 1.75, lakini hilo umeshalifundisha mpaka umechoka.

Ukitoka hapo usikimbilie AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa, ingawa ipo karibu, karibu kabisa, unaiona. Iache. Kamata Barabara ya Makongoro uelekee magharibi, vuka mto, tembea taratibu, kama ni saa nne utakuta mama ntilie ameshaweka chapati na supu, kunywa. Utafika kwenye kipilefti chenye mnara mrefu mweupe wenye mwenge juu. Huo ni Mnara wa Azimio, ulisimamishwa 1977 kwenye miaka kumi ya Azimio la Arusha, na kwenye nguzo zake kuna michongo ya watu wakifanya kazi. Watalii wanaupiga picha kutoka ndani ya gari na hawajui ni wa nini. Pembeni upande mmoja ni uwanja wa Sheikh Amri Abeid, yule mshairi aliyekuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam na baadae waziri, alifariki 1964. Upande mwingine, Kaloleni, kuna nyumba ya kawaida tu ambayo ukipita haraka unadhani ni ofisi ya kata. Hiyo ndio Makumbusho ya Azimio.

Hapa ndio utatulia mwalimu. Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Arusha kuanzia tarehe 26 mpaka 29 Januari 1967, na hili lilikuwa jumba la jamii la watu wa Kaloleni, yaani mahali pa mikutano na ngoma, sio ikulu wala hoteli. Azimio, lile la ujamaa na kujitegemea, likatangazwa tarehe 5 Februari, na kesho yake tu mabenki yakataifishwa. Ndani ni padogo, picha nyingi za nyeusi na nyeupe, maandishi ukutani, na watu wengi wanatoka baada ya robo saa wakilalamika. Wanalalamika kwa sababu wamekuja na mikono mitupu. Wewe fanya hivi, chapisha Azimio lenyewe, sio refu, beba kwenye mkoba, soma pale pale sehemu ya mwisho ile ya viongozi: kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe mkurugenzi kwenye kampuni ya bepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Soma alafu inua macho uangalie sura zilizopo kwenye hizo picha, jiulize wangapi walikuwa na nyumba ya kupangisha siku ile. Ndio utaelewa kwa nini kulikuwa na mvutano, na kwa nini 1991 kule Zanzibar chama kililegeza hayo masharti. Watu wanafundisha Azimio kama orodha ya viwanda na benki zilizochukuliwa, mimi naona moyo wake ni hiyo miiko, na ndio kitu cha kwanza kilichoondolewa kimya kimya.

Na kuna jina moja usiondoke bila kulijua, Seth Benjamin. Kijana wa huku. Mwaka ule wa 1967 watu wengi walifanya matembezi ya kuunga mkono Azimio, Mwalimu Nyerere mwenyewe alitembea kutoka Butiama mpaka Mwanza, na huyu kijana aliondoka Arusha kwa miguu kwenda Dar es Salaam akafia njiani. Wanafunzi wako wana umri karibu na wake. Ukiwaambia hilo wanauliza maswali ambayo hawaulizi kamwe kuhusu kutaifisha benki.

Baada ya hapo kula. Kaloleni na Levolosi kuna chakula cha bei ya kawaida, ukibahatika na sehemu yenye loshoro ijaribu, mahindi na maziwa mgando, ni chakula cha huku. Soko Kuu halipo mbali ukitaka kuzunguka, ila kihistoria halitakuchukua muda, na simu weka mfuko wa mbele.

Mchana rudi ulikotoka, sasa ndio uende AICC. Kama semina yenu inafanyikia humo humo ndani una bahati, wakati wa chai toka nje uangalie. Ni majengo matatu makubwa yameungana, Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, na yalijengwa kuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya kwanza, ya 1967. Kabla watu hawajazoea hata ofisi zao Jumuiya ikavunjika, 1977, Kenya, Uganda na Tanzania kila mmoja na lake, Nyerere hataki kukaa meza moja na Amin. Serikali ikabaki na jengo kubwa kwenye mji ambao wakati ule ulikuwa mdogo, mwaka uliofuata wakaligeuza kituo cha mikutano. Na ajabu yake ni kwamba hilo jengo lililobaki bila mwenyewe ndilo lililoipa Arusha kazi yake ya pili duniani, kupatanisha na kuhukumu. Makubaliano ya amani ya Rwanda yalisainiwa Arusha tarehe 4 Agosti 1993. Hayakufika hata mwaka, Aprili 1994 mauaji yakaanza. Novemba mwaka huo Umoja wa Mataifa ukaunda mahakama, 1995 ikawekwa hapa, ndani ya AICC, ikakaa mpaka mwisho wa 2015. Tarehe 2 Septemba 1998 humo ndani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, alitiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari, mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa hilo, na pia mara ya kwanza ubakaji kuhesabiwa kuwa sehemu ya mauaji ya kimbari. Siku mbili baadae Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu wakati wa mauaji, akapewa kifungo cha maisha. Kisha Agosti 2000 ikaja zamu ya Burundi, mazungumzo aliyoyaanza Nyerere na kuyaacha alipofariki Oktoba 1999, Mandela akayamalizia, wakasaini Arusha.

Sasa wewe umetoka kwenye Boma asubuhi. Simama sehemu ambayo unaliona Boma na AICC kwa pamoja. Kwenye ngome ile kapteni mmoja alikuwa ndio polisi, ndio hakimu, ndio mnyongaji, na miaka mia baadae upande wa pili wa barabara majaji kutoka mabara tofauti wanabishana wiki nzima kama ushahidi fulani upokelewe au usipokelewe. Ndio maana nilikuomba usiende AICC asubuhi.

Kuingia ndani kunategemea siku, maana ni sehemu ya mikutano na sio makumbusho, uliza mapokezi kwa heshima. Chumba cha mahakama usitegemee kukikuta kama kilivyokuwa. Nyaraka na kazi zilizobaki za mahakama hiyo zipo Lakilaki nje ya mji upande wa Kisongo, kule hujitokezi tu getini, unaandika kwanza. Na makao makuu ya Jumuiya mpya, ile iliyosainiwa hapa hapa Novemba 1999, yapo jirani na AICC, piga jicho kwa nje uendelee na safari yako.

Kituo cha reli nitakitaja haraka haraka. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi 1911 chini ya Wajerumani, ikaishia hapo, mpaka 1929 Waingereza ndio wakaifikisha Arusha. Kwahiyo kwa miaka kumi na nane Moshi ilikuwa mbele yetu, na Wamoshi hawajasahau.

Siku ya pili. Hapa una njia mbili, na mimi nina upande. Ya kwanza ni Tengeru, kama kilomita 13 tu, unapanda kifodi cha Tengeru au Usa River. Huko kuna makaburi ya Wapolandi. Ndio, Wapolandi. Walihamishwa kwa nguvu na Wasovieti 1940 kupelekwa Siberia na Kazakhstan, baadae wakaruhusiwa kutoka, wakapitia Iran, na kuanzia 1942 kama elfu tano hivi wakaletwa hapa Tengeru, wengi wanawake na watoto maana wanaume walikuwa vitani au wamekufa. Walijenga kijiji, shule, kanisa, wakalima. Vita ilipoisha wengi hawakuwa na pa kurudi, wakatawanyika Uingereza, Australia, Kanada, na wachache walibaki huku mpaka kufa. Makaburi ni kama 150, yamepangwa mistari, yanatunzwa vizuri kuliko makaburi mengi ya kwetu, na ukisoma majina yale yenye herufi za mikia na nukta juu yake huku unasikia kuku wa jirani na migomba inasugua, unakumbuka kwamba wakimbizi wa Kizungu waliwahi kupokelewa Afrika. Jiripoti getini, atatokea mtu wa kukufungulia, mpe kitu.

Lakini kama ni kuchagua moja, nenda Old Moshi. Tengeru unaweza kuiwahi jioni moja ya semina.

Panda kosta ya Moshi asubuhi saa kumi na mbili na nusu, ni kama kilomita 80. Njiani ukipita Usa River angalia kushoto mlima Meru na ukumbuke kitu kingine ambacho hakina jengo la kutembelea: nyuma ya huo mlima, Engare Nanyuki, Novemba 1951 Waingereza waliwafukuza Wameru wapatao elfu tatu kwenye ardhi yao ili wapewe walowezi, nyumba zikachomwa. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet akapanda ndege mpaka New York kulalamika Umoja wa Mataifa. Ardhi hawakurudishiwa siku ile, ila Tanganyika nzima ilijifunza kitu, na TANU ilizaliwa miaka miwili tu baadae.

Moshi mjini usikae. Shuka, kamata usafiri wa Kiboriloni, kutokea hapo barabara inapanda mlimani kwenda Old Moshi, tafuta bodaboda mtu mzima asiyekimbiza. Kama ni Machi mpaka Mei beba viatu vya tope. Huko juu, Tsudunyi, ndio palikuwa Moshi ya kwanza kabla reli haijauteremsha mji chini. Ndiko alikotawala Mangi Rindi (mangi ni mtawala wa Kichaga), aliyesaini mkataba na Mjerumani Jühlke 1885, na mwanae Meli ambaye Juni 1892 aliwapiga Wajerumani mpaka kamanda wao von Bülow akafa. Mwaka uliofuata walirudi na jeshi kubwa chini ya gavana von Schele wakamshinda, wakamjengea boma mlangoni kwake. Na tarehe 2 Machi 1900, Meli na wenzake kumi na nane wakanyongwa hapo kwenye mti, kwa tuhuma kwamba wanapanga njama.

Sasa sikiliza kwa nini nimekutoa Arusha kuja huku. Kati ya walionyongwa kwenye ule mti alikuwepo Mangi Molelia wa Kibosho, alikuwepo Lobulu wa Meru, na walikuwepo viongozi wa Arusha. Yaani wakati Waarusha na Wameru wanabebeshwa mawe ya Boma uliloliona jana, viongozi wao walikuwa wananing'inia huku. Aliyesimamia ni huyo huyo Johannes. Ukiangalia Boma peke yake unaona jengo la zamani lenye bustani nzuri, ukishasimama hapa unajua kwa nini hakuna aliyekataa kubeba mawe.

Pana kumbukumbu na sanamu ya Meli. Wazee wanasimulia kwamba alikaa kwenye kamba masaa mengi bila kufa. Kichwa chake kinaaminika kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na mjukuu wake alizunguka miaka na miaka akikitafuta. 2023 wale wanaotunza makumbusho ya Berlin walitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeunganisha baadhi ya mafuvu waliyonayo na familia za huku, mmoja akiwa msaidizi wa Meli aliyeitwa Akida, na mengine ya ukoo wa Meru. Kwahiyo ukiwa pale usiongee kama mtu aliyekuja kuangalia magofu, hii ni misiba ambayo haijafungwa. Na angalizo moja: nani alimchongea Meli kwa Mjerumani? Jina la Mangi Marealle wa Marangu ndilo linalotajwa, vitabuni na mdomoni, lakini wajukuu wa pande zote wapo hai, wanaoana, wanakaa kanisa moja. Uliza kwa upole, sikiliza, usiwe hakimu.

Ukiwa na muda sogea Kidia palipo na misheni ya zamani ya Kilutheri, kisha teremka mjini upite jengo la KNCU uone chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa cha 1933 kilikaaje katikati kabisa ya mji, alafu saa kumi jioni uwe kwenye kosta.

Kuhusu hela: beba kitambulisho cha taifa, kiingilio cha Mtanzania makumbusho ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni na bila kitambulisho wanaweza kukusumbua. Mjini huhitaji gari la kukodi kabisa. Muongoza wageni ndani ya makumbusho chukua yule wa pale pale, usichukue wa barabarani. Old Moshi lazima uwe na mwenyeji, na pesa kidogo ya soda ya wazee. Usipige picha ofisi za serikali, mahakama wala askari, na mtu yeyote muombe kwanza. Lile jengo kubwa la sanaa lenye umbo la ngoma na mkuki upande wa magharibi wa mji ni zuri kwa michoro na vinyago, ila usilihesabu kwenye historia.

Kuhusu wanafunzi inawezekana, tena makumbusho wanapenda, peleka barua yenye muhuri wa shule mapema na utaje idadi. Usianze nao Boma kama ulivyoanza wewe, watachoka na kuanza kupiga selfi, anza nao Azimio asubuhi wakiwa na akili safi, na kwa kuwa ukumbi ni mdogo wagawe, nusu wawe ndani nusu wawe mnarani wanachora michongo ya nguzo, kisha wabadilishane. Nyayo za Laetoli ziweke mchana baada ya kula, pale hawasinzii. Old Moshi usipeleke basi zima, barabara yenyewe haitaki, chagua kidato cha nne wachache, pita ofisi ya kijiji kwanza ujitambulishe, na mzee atakayewasimulia mwekee kiti.